Dawa Nyingi Katika Mwili Mmoja: Mzigo wa Vidonge kwa Wagonjwa Wanaosafishwa Damu

Mtu ambaye figo zake zimekwisha nguvu, na ambaye huishi kwa kusafishwa damu kwa mashine, aghalabu hudhaniwa kuwa tiba yake ni mashine hiyo peke yake. Dhana hiyo si sahihi. Mashine humshughulikia mgonjwa kwa muda wa saa nne hivi katika kila kikao. Saa zote zilizosalia tiba yake imo katika mfuko wa vidonge anaorudi nao nyumbani. Mwaka 2009 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa nchini Marekani kwa wagonjwa 233 wa namna hiyo. Ilionekana kwamba nusu yao walitakiwa kumeza vidonge 19 au zaidi kila siku, na robo yao walitakiwa kumeza vidonge zaidi ya 25. Ni magonjwa machache mno ya kudumu yanayomtwika mgonjwa mzigo wa kiasi hicho.

Makala haya yanaeleza kwa nini dawa hizo huwa nyingi, jinsi mwili usio na figo unavyozipokea, hatari zinazotokana na wingi wake, na njia zinazoweza kutumiwa kuupunguza mzigo huo bila ya kumdhuru mgonjwa.

Kazi za figo

Binadamu ana figo mbili, kila moja ikiwa na urefu wa sentimita 11 hivi, zilizolala nyuma ya tumbo, kila upande wa uti wa mgongo. Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo sana vipatavyo milioni moja. Karibu sehemu moja kwa tano ya damu yote inayosukumwa na moyo hupitia humo, na kwa siku moja vichujio hivyo huchuja maji yapatayo lita 180. Karibu yote hurudishwa katika damu. Lita moja na nusu hivi tu, pamoja na takataka zilizoyeyuka ndani yake, ndiyo itokayo kuwa mkojo.

Hata hivyo, figo si chujio tu. Hutawala kiasi cha maji na chumvi mwilini, na kwa sababu hiyo hutawala pia shinikizo la damu. Huondoa potasiamu, ambayo ikizidi huweza kuusimamisha moyo. Huondoa fosfeti inayotokana na chakula. Hutengeneza homoni iitwayo erithropoietini, inayouamuru uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu za damu. Huikamilisha vitamini D ili iweze kufanya kazi yake ya kuusaidia mwili kupata kalisi. Mwisho, figo huondoa mwilini dawa nyingi pamoja na mabaki yake.

Figo bandia

Neno la kitaalamu la kutenganisha vitu vilivyoyeyuka kwa kuvipitisha katika utando lilitungwa na Thomas Graham, mwanakemia wa Scotland, mwaka 1861. Mashine ya kwanza iliyofaa kwa matibabu ya binadamu iliundwa na daktari Willem Kolff katika mji wa Kampen, Uholanzi, mwaka 1943, wakati wa vita, kwa kutumia utando wa selofani ambao kwa kawaida ulitumika kutengenezea soseji. Mgonjwa wa kwanza aliyepona kwa mashine hiyo, mwanamke wa miaka 67, alitibiwa mwaka 1945. Mwaka 1960 Belding Scribner wa Seattle, Marekani, alibuni mrija wa kudumu mkononi uliowezesha mgonjwa kuunganishwa na mashine mara kwa mara. Na mwaka 1966 Brescia, Cimino na wenzao wa New York walieleza namna ya kuunganisha ateri na vena za mkono kwa upasuaji, njia ambayo ingali ikitumika hadi leo.

Kanuni ya mashine ni nyepesi kueleweka. Damu hupita upande mmoja wa utando wenye matundu madogo mno, na maji maalumu hupita upande wa pili. Takataka zilizo nyingi katika damu huvuka kuelekea katika maji ambamo hazimo. Chembe za damu na protini, kwa kuwa ni kubwa, hubaki. Maji hayo yakipita kwa kasi ya nusu lita kwa dakika, mgonjwa mmoja hutumia lita 120 katika kikao kimoja cha saa nne.

Mpango uliozoeleka ni vikao vitatu kwa wiki, yaani saa 12. Wiki moja ina saa 168, na figo zenye afya hufanya kazi katika saa hizo zote. Zaidi ya hayo, mashine haitengenezi homoni wala haikamilishi vitamini. Pengo lililopo kati ya kazi ya mashine na kazi ya figo ndilo linalozibwa kwa dawa, na pale ambapo mgonjwa hupata vikao viwili tu kwa wiki, kama ilivyo kwa wengi katika Afrika, pengo hilo huwa pana zaidi.

Kila dawa na sababu yake

Ni kosa kudhani kwamba wingi wa vidonge hutokana na uzembe wa matabibu. Kila dawa, ikitazamwa peke yake, huwa na hoja yake.

Kwanza ni fosfeti. Mtu anayekula chakula cha kawaida huweza kuingiza katika damu fosforasi ipatayo miligramu 800 kwa siku, yaani 5,600 kwa wiki. Kikao kimoja cha mashine huondoa kadiri ya miligramu 800 hadi 1,000. Vikao vitatu basi haviondoi zaidi ya 3,000. Inayosalia hujilimbikiza, huchochea tezi ndogo nne zilizo shingoni zinyonye kalisi kutoka katika mifupa, na husaidia kuigandisha mishipa ya damu kwa chokaa. Ndiyo sababu mgonjwa hupewa vidonge vya kuifunga fosfeti ndani ya tumbo kabla haijaingia katika damu, kama vile kalisi kaboneti au sevelama. Katika uchunguzi uliotajwa, vidonge vya aina hii pekee vilikuwa karibu nusu ya mzigo wote.

Pili ni upungufu wa damu. Kabla ya erithropoietini kutengenezwa kwa ufundi wa jeni na kuidhinishwa nchini Marekani mwaka 1989, wagonjwa wengi waliishi kwa kuongezewa damu mara kwa mara. Siku hizi hudungwa homoni hiyo pamoja na madini ya chuma. Tatu ni shinikizo la damu, ambalo mara nyingi huhitaji dawa mbili au tatu. Nne ni vitamini D iliyokwisha kukamilishwa. Tano ni maradhi yenyewe yaliyoziua figo, hasa kisukari, ambayo hayakomi kwa sababu figo zimekoma. Kisha hufuata dawa za moyo, za kuwashwa ngozi, za maumivu, za kufunga choo na za usingizi. Hesabu ya dawa kumi au kumi na mbili za aina mbalimbali hufikiwa upesi, na kila moja huweza kumezwa zaidi ya mara moja kwa siku.

Dawa ndani ya mwili usio na figo

Dawa yoyote imezwayo hupita safari ya hatua nne: huingia katika damu, husambaa mwilini, hubadilishwa, hasa na ini, kisha hutolewa. Kwa dawa nyingi hatua ya mwisho hutegemea figo. Figo zikishindwa, dawa iliyokuwa ikiondoka kwa saa chache hukaa kwa siku kadhaa. Dozi ya pili humkuta ya kwanza haijaondoka, ya tatu huzikuta zote mbili, na haba na haba hujaza kibaba, mpaka kilichokuwa dawa kigeuke sumu.

Mifano ni mingi. Gentamisini, dawa iliyo maarufu ya kuua bakteria, ikijilimbikiza huweza kuharibu sikio la ndani na kumwacha mgonjwa kiziwi. Metformini, dawa ya kisukari, huweza kuitia damu asidi ya kuhatarisha maisha. Kwa hiyo haitumiki kwa wagonjwa hawa. Asiklovia, ikitolewa kwa kipimo cha mtu mwenye figo nzima, huweza kumfanya mgonjwa apayuke na kuona visivyokuwapo. Morfini hubadilishwa na ini kuwa vitu ambavyo vingali na nguvu, na ambavyo vilipaswa kutolewa na figo. Visipotolewa, usingizi huwa mzito na pumzi hupungua.

Insulini yastahili kutajwa peke yake. Sehemu kubwa ya insulini inayodungwa huvunjwavunjwa na figo. Mgonjwa wa kisukari aliyezoea kipimo kile kile kwa miaka mingi huweza kuona kwamba sukari yake yaanza kushuka, akadhani kuwa kisukari kinapona. Ukweli ni kinyume cha hayo: figo zake zinakufa, na insulini inakawia mwilini. Kipimo kisipopunguzwa, sukari huweza kushuka usiku akiwa usingizini, naye asiamke. Vidonge vya glibenklamidi vina hatari kama hiyo, kwani mabaki yake yenye nguvu hutegemea figo kutoka.

Dawa ipi huondolewa na mashine?

Baadhi ya dawa huvuka utando wa mashine pamoja na takataka, na baadhi hazivuki. Mambo matatu ndiyo yanayoamua. La kwanza ni ukubwa wa molekuli: ndogo huvuka kwa wepesi, kubwa hukwama. La pili ni kushikamana na protini za damu. Kwa kuwa protini hazivuki, dawa iliyoshikamana nazo nayo haivuki. Warfarini, ambayo karibu yote hushikwa na protini, ni mfano wake. La tatu ni mahali dawa inapokaa. Digoksini hujificha kwa wingi katika misuli, na kiasi kilichomo katika damu ni kidogo sana. Mashine husafisha damu, lakini haiifikii misuli.

Elimu hii ina matokeo makubwa katika matumizi ya kila siku. Katika dawa za shinikizo la damu, atenololi na lisinoprili huondolewa na mashine, ilhali karivediloli na losatani haziondolewi. Mgonjwa anayemeza atenololi asubuhi na kuunganishwa na mashine saa mbili baadaye huipoteza sehemu kubwa ya dawa aliyoimeza. Vivyo hivyo dawa za bakteria zinazoondolewa na mashine hutolewa baada ya kikao. Kwa upande mwingine, dawa za shinikizo zikimezwa kabla ya kikao huweza kuishusha damu kupita kiasi wakati mashine inapoondoa maji, hata mgonjwa akazimia kitini. Kwa hiyo swali la mgonjwa lisiwe tu “nimeze nini?” bali pia “nimeze lini, na siku ya mashine nifanyeje?”

Fundisho la aluminiamu

Historia ya tiba hii ina fundisho moja lisilopaswa kusahauliwa. Katika miaka ya 1960 na 1970 dawa iliyotumiwa sana kufunga fosfeti ilikuwa haidroksaidi ya aluminiamu. Ilifanya kazi yake vizuri, na iliaminiwa kwamba aluminiamu hupita tumboni na kutoka bila ya kuingia katika damu. Lakini wagonjwa katika vituo kadhaa walianza kushikwa na ugonjwa wa ajabu: walipata kigugumizi, wakatetemeka misuli, wakapoteza kumbukumbu, wakapata degedege, na wengi wakafa katika muda wa miezi. Wengine walivunjika mifupa bila ya kuanguka.

Mwaka 1976 Allen Alfrey na wenzake wa Denver, Marekani, walionyesha kuwa ubongo wa wagonjwa waliokufa hivyo ulikuwa na aluminiamu nyingi kupita ya wengine. Sumu hiyo ilitoka pande mbili: katika vidonge, na katika maji ya mashine, kwa kuwa miji mingi husafisha maji yake kwa shabu, ambayo ni chumvi ya aluminiamu. Mtu mwenye figo nzima huiondoa aluminiamu kidogo inayomwingia. Asiye na figo hana njia ya kuiondoa. Tangu hapo maji ya mashine yakawekewa masharti makali, na vidonge vya aluminiamu vikaachwa, isipokuwa kwa muda mfupi na kwa sababu maalumu.

Fundisho ni hili: dawa iliyo salama kwa umma mzima huweza kuwa si salama kwa mtu asiye na figo. Na jambo hilo lingalipo. Vidonge vya kutuliza kiungulia vinavyouzwa katika maduka mengi bila ya cheti huwa na aluminiamu pamoja na magnesiamu.

Dawa kuzaa dawa

Wingi wa dawa huweza pia kujizidisha wenyewe. Na ichukuliwe kwa mfano mama mwenye kisukari na shinikizo la damu, anayesafishwa damu mara mbili kwa wiki. Amepewa amlodipini, na baada ya wiki chache miguu yake imevimba. Uvimbe ni athari ijulikanayo ya dawa hiyo, lakini tabibu mwingine, asiyeona orodha ya dawa zake, anaudhania kuwa ni maji yaliyozidi, anamwandikia furosemidi. Furosemidi hufanya kazi kwa kuzichochea figo zitoe mkojo. Mama huyu hakojoi tena, hivyo haimsaidii kitu. Wakati huo huo kalisi kaboneti imemfunga choo. Jirani anamnunulia dawa ya kuharisha yenye magnesiamu. Magnesiamu haina pa kutokea. Inajilimbikiza, misuli inalegea, na mama anapelekwa hospitali kwa udhaifu ambao hakuna aelewaye chanzo chake.

Katika mlolongo huo hakuna aliyekuwa na nia mbaya, na kila mmoja alitibu alichokiona. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kuzitazama dawa zote kwa pamoja na kuuliza: je, dalili hii mpya ni ugonjwa, au ni dawa?

Saa ya kumeza

Kidonge kilicho sahihi kikimezwa katika saa isiyo sahihi huwa kazi bure. Dawa ya kufunga fosfeti hukutana na fosfeti ya chakula tumboni. Ikimezwa kabla ya kulala, tumbo likiwa tupu, haina cha kufunga. Haifai kumezwa asubuhi yote kwa pamoja: yapaswa kufuata milo, na nyingi zaidi zimezwe kwa mlo wenye nyama, samaki, maharage au maziwa. Kalisi, kwa upande wake, hushikana na dawa nyingine, kama vile siprofloksasini na madini ya chuma, zikazuiliana kuingia katika damu. Mgonjwa amezaye vyote kwa mkupuo mmoja ili “amalize” huenda akawa amezifuta dawa zake mwenyewe.

Uamuzi wa mgonjwa

Mgonjwa asiyekojoa hutakiwa kunywa maji kidogo sana, mara nyingi chini ya lita moja kwa siku. Kidonge kimoja kikimezwa kwa funda la mililita 30, vidonge 20 huhitaji mililita 600. Yaani zaidi ya nusu ya maji aliyoruhusiwa, katika nchi ya joto, huishia katika kumeza dawa. Juu ya kiu ipo bei, na juu ya bei upo uchovu.

Kwa hiyo si ajabu kwamba wagonjwa wengi huacha baadhi ya dawa. Hatari iko katika namna wanavyochagua. Mgonjwa huelekea kuendelea na dawa anayoihisi, kama ya maumivu au ya usingizi, na kuiacha asiyoihisi, kama ya fosfeti au ya shinikizo la damu. Ilhali hizo asizozihisi ndizo zinazoulinda moyo na mishipa yake. Mara nyingi huacha kimya kimya, kwa kuogopa kukaripiwa. Tabibu naye, akiona vipimo havijashuka, hudhani dawa haikutosha, akaongeza nyingine. Hivyo mzigo hukua kwa sababu ya ukimya.

Dawa zisizo katika cheti

Hesabu ya dawa haikamiliki bila ya zile zisizoandikwa na tabibu. Ibuprofeni na diklofenaki, zinazonunuliwa kwa urahisi, huweza kutoboa tumbo na kulitoa damu, hasa kwa mtu ambaye kila kikao hupewa heparini ili damu isigande mashineni. Nazo huweza kuumaliza mkojo kidogo uliobaki, ambao kwa mgonjwa ni hazina. Dawa za mitishamba zisizojulikana kipimo chake huweza kuwa na potasiamu nyingi au sumu ya figo. Hata madafu, ambayo wapo waaminio kuwa husafisha figo, yana potasiamu nyingi. Kwa mtu mwenye afya ni kinywaji bora. Kwa asiye na figo madafu machache huweza kuuvuruga mwendo wa moyo.

Njia ya kupunguza mzigo

Kupunguza dawa si kuzitupa. Kuna utaratibu unaofaa kufuatwa. Kwanza, mgonjwa aje kituoni na dawa zake zote katika mfuko mmoja, zikiwamo za dukani na za mitishamba, ziandikwe katika daftari moja. Pili, kila dawa iulizwe sababu yake. Isiyo na sababu, au ambayo sababu yake imekwisha, ipendekezwe kuachwa. Tatu, kipimo kilinganishwe na hali ya figo. Nne, saa ya kumeza ipangwe kufuatana na milo na siku za mashine. Tano, ianzwe kuondolewa dawa moja tu kwa wakati, na mgonjwa aangaliwe. Kwani baadhi ya dawa, kama vile zile za kupunguza mapigo ya moyo, zikikatwa ghafla huleta madhara. Sita, dawa zinazoweza kutolewa na muuguzi mwishoni mwa kikao zitolewe huko huko, ili vidonge vya nyumbani vipungue. Kazi hii humhitaji tabibu, mfamasia, muuguzi na mtaalamu wa lishe kwa pamoja, na yafaa irudiwe kila mgonjwa anapotoka kulazwa hospitali, kwa sababu hapo ndipo orodha hubadilika bila ya kituo kujua.

Kwa upande wake mgonjwa ana mambo machache ya kushika: asiache dawa bila ya kusema, na asione haya kusema kwamba ameacha, amwambie kila muuza dawa kwamba anasafishwa damu kabla ya kununua hata kidonge cha kiungulia, na ajifunze jina na kazi ya kila kidonge anachomeza. Chumvi ikipungua katika chakula, kiu hupungua, maji hupungua, na mara nyingi dawa za shinikizo nazo huweza kupunguzwa.

Hitimisho

Mashine ya kusafisha damu imewarudishia uhai watu ambao kabla ya mwaka 1960 wasingekuwa na tumaini lolote. Lakini uhai huo husimama juu ya nguzo mbili, nayo nguzo ya pili ni dawa. Dawa chache zilizochaguliwa vema, zikamezwa kwa saa yake, ni bora kuliko mfuko uliojaa ambao nusu yake hutupwa. Mahali pa kuanzia hapahitaji mashine mpya wala fedha nyingi: panahitaji daftari moja, mfuko wa dawa uliomwagwa mezani, na mgonjwa aliyepewa nafasi ya kusema kweli.